Naomba ushauri: Neanderthal tuliwamaliza sisi?

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia kidato cha kwanza. Wanafunzi wameng'ang'ania kwamba binadamu wa leo aliingia Ulaya, akawaua Neanderthal wote (jamii ya binadamu wa kale walioishi Ulaya na Asia), mchezo ukaisha. Mimi naona mambo hayakwenda hivyo, ila nashindwa kupanga hoja zikaeleweka.

Neanderthal walitoweka kama miaka 40,000 iliyopita. Lakini kwenye pango la Mandrin, Ufaransa, watu wa aina yetu walishafika miaka 54,000 hivi iliyopita, kisha Neanderthal wakarudi kukaa palepale. Sasa hayo ni mauaji gani ya kuchukua maelfu ya miaka?

Kinachonivuta zaidi ni uchache wao. Kuna mfupa wa kidole cha mguu uliopatikana pango la Denisova, Siberia. Vinasaba vyake vilionyesha mwanamke wa Neanderthal ambaye wazazi wake walikuwa ndugu wa damu wa karibu mno, kiwango cha kaka na dada waliochangia mzazi mmoja. Vikundi vidogo vikioana vyenyewe kwa vyenyewe, hali ya hewa ikiyumba, na wageni wakiwinda wanyama walewale, vita si lazima. Tena tulizaliana nao: watu wenye asili ya nje ya Afrika wamebeba asilimia 1 hadi 2 ya vinasaba kutoka kwao (sisi huku tunavyo kidogo sana, darasa zima lilicheka).

Mwenye uzoefu anishauri: nianze na vinasaba au hali ya hewa? Na swali la "mbona sisi tulibaki" nilijibuje bila kusema tulikuwa na akili zaidi? Hilo la akili silikubali.