Mtoto anaita kila rangi "nyekundu": nianzie wapi?

Mama Binti: Ndugu wazazi, nina binti wa miaka miwili na miezi saba ambaye anajua jina la karibu kila kitu kilichomo nyumbani, lakini nikimwuliza rangi hunijibu "nyekundu", hata kama ninachomwonyesha ni cheupe pe. Tumebandika ukutani chati ya rangi 12 na tunaipitia kila jioni bila mafanikio. Je, macho yake yana kasoro, au mimi ndiye ninayekosea?

Mwalimu wa Awali: Dada, usiwe na wasiwasi. Watoto wengi huanza kutaja rangi kuu kwa uhakika wakiwa na miaka 3 hadi 4, ingawa macho huziona tangu miezi ya mwanzo. Kikombe anaweza kukishika, lakini wekundu haushikiki, na lugha yetu inamwongezea mtihani: husikia kikombe chekundu, mpira mwekundu, gari jekundu na soksi nyekundu, yaani maneno manne pale ambapo sisi tunasikia moja. Kwa hiyo weka chati kando, uchague rangi mbili tu zilizo mbali, kama nyekundu na buluu, kisha utumie vitu vinavyofanana kwa kila hali isipokuwa rangi, ili neno lisipate pengine pa kung'ang'ania. Soksi, sahani na kalamu zinafaa kwa kuanzia, kwa sababu zote huchukua umbo moja la "nyekundu".

Baba Wawili: Nakubaliana na mwalimu, ila si kuhusu kuziepuka ngeli nyingine, mtoto anayesema "kikombe kikubwa" na "mpira mkubwa" ameshaanza kuuzoea upatanisho. Mimi ningepunguza maswali. Badala ya "hii ni rangi gani?", mwambie "tuvae soksi nyekundu" wakati anavaa kweli.

Mlezi Mkongwe: Kuhusu macho, mpe kwanza kazi ya kupanga kabla ya kutaja: changanya vitu vya rangi mbalimbali, umwombe aweke pamoja vinavyofanana. Akipanga sawasawa huku akikosea majina, kinachomsumbua ni msamiati; lakini akiwa bado anachanganya nyekundu na kijani katika kupanga, mpeleke kwa daktari wa macho. Upofu wa rangi wa aina hiyo kwa kawaida hurithiwa kupitia kromosomu ya X, ndiyo maana huwapata wavulana zaidi ya wasichana. Mwanangu alipimwa kwa picha za Ishihara, yaani vitone vya rangi vinavyoficha tarakimu ya kusomwa, ambazo zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1917. Baadhi yake zina mstari wa kufuatisha kwa kidole, hivyo mtoto asiyejua tarakimu naye hupimika.

Mama Binti: Nawashukuru nyote. Jioni hii nilimwaga soksi zote kitandani, naye akazipanga bila kukosea hata jozi moja, kisha nilipomwuliza kuhusu zile za kijani akanijibu kwa furaha kwamba ni nyekundu. Chati nimeibandua.