Tupeane uzoefu: Kuomba ndoa ibatilishwe (siyo talaka)

Habari zenu wakuu. Wengi tunaijua talaka tu. Naanza na yangu, nanyi mkaribie.

Niliolewa Dodoma. Mwezi wa pili mume wangu akaanza kutolala, anaongea peke yake hadi alfajiri. Nikakuta mfuko wa dawa nyuma ya kabati, na kadi ya kliniki ya magonjwa ya akili ya miaka sita nyuma. Ndugu zake wote walijua. Sikumchukia kwa kuugua. Kilichoniuma ni kufichwa. Shangazi akasema, "Vumilia mwanangu, ndoa bado changa." Nikavumilia.

Nilipofika kwa wakili alisoma tarehe kwenye cheti, akakaa kimya. Mwaka na miezi minne. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu kubatilisha ndoa kama mwenzio alikuwa na kichaa cha kujirudia siku mnaoana, nawe hukujua, ila ufungue shauri ndani ya mwaka mmoja. Talaka nayo hufungui kabla ya miaka miwili bila kibali cha mahakama. Miezi minane nilikaa katikati hapo, sina mlango.

Mchangiaji, Morogoro:
Pole sana dada. Mimi nesi aliandika kwenye kadi ya kliniki kuwa mimba ya mke wangu ina wiki 20, na ndoa yetu ilikuwa na wiki tisa. Kabla ya ndoa hatukuwahi kukutana kimwili. Wakili aliniuliza mawili: ulijua kabla? Baada ya kujua, mlilala pamoja? Ningejibu ndiyo kwa lolote, kesi ingekufa. Kumbe kuhamia kwa kaka siku ileile, kwa hasira tu, ndiko kulikoniokoa. Ndoa ikabatilishwa.

Mchangiaji, Tanga:
Yangu ilikuwa batili tangu mwanzo. Tulifunga bomani, tangazo likakaa ubaoni siku 21, asijitokeze wa kupinga. Nani angepinga wakati mume wangu ana mke wa ndoa ya kanisani, na yuko Mwanza? Mke huyo alikuja mwaka wa tatu, cheti chake kimekunjwa ndani ya khanga. Tulikaa jikoni, vyeti viwili mezani, tukalia wote. Hapo ule mwaka mmoja hauhusiki, maana mwanamume mwenye ndoa ya mke mmoja hawezi kufunga nyingine juu yake.

Mwanzisha uzi:
Asanteni mno. Kaka wa Morogoro, mahakamani ulipeleka kadi halisi ya kliniki au nakala? Kuna dada kanifuata pembeni, ndoa yake ina miezi kumi.