Tupeane uzoefu: Mwalimu mwenye kamera, na haki ya mtoto anayepigwa picha

Assalamu alaikum na habari zenu, walimu wenzangu pamoja na wote mnaopenda kupiga picha. Ninafundisha shule ya msingi hapa Tanga mjini, huu ukiwa mwaka wangu wa 16 kazini, na kamera niliinunua miaka tisa iliyopita zamu yangu ya upatu ilipofika. Siku zangu bila shaka zinafanana na zenu: kuwahi mstarini, andalio la somo, vipindi, kisha madaftari ya kusahihisha mpaka usiku. Jumamosi alfajiri hupenda kwenda Deep Sea wavuvi wanaposhusha samaki, na jioni huzunguka kwa baiskeli katika mitaa ya Ngamiani. Ninachoomba tupeane uzoefu, hata hivyo, ni pale kazi yetu na mapenzi haya ya picha yanapokutana, yaani picha za wanafunzi wetu. Ni nani hutoa ruhusa? Mmewahi kukosea, na mlijirekebisha vipi?

Nianze na kosa langu mwenyewe. Ilikuwa masika, na uwanja wa shule ulikuwa umejaa maji. Mvulana wa darasa la pili alisimama barazani miguu mitupu, matope yamempanda hadi vifundoni, akitazama maji yanavyochuruzika kutoka kwenye bati. Nilimpiga picha, ikatoka vizuri kuliko zote nilizopiga mwaka ule, nami nikaiweka mtandaoni pamoja na maneno machache kuhusu watoto wanaoitafuta elimu katika dhiki. Watu waliisambaza kwa wingi, na mmoja akajitolea kumnunulia mtoto viatu.

Siku ya tatu mama yake alipiga hodi ofisini. Alinisalimu kwa heshima, akaketi, akatoa mfuko mweusi chini ya khanga yake. Ndani yake mlikuwa na viatu vyeusi vya shule vilivyopakwa rangi mpaka kwenye visigino, na soksi zimekunjwa ndani ya kiatu cha kulia. Aliniambia, "Mwalimu, mwanangu ana viatu. Siku ile alivivua visiingie matope, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwagiza avitunze." Hakupandisha sauti hata kidogo. Aliongeza kwamba baba wa mtoto, anayefanya kazi mkoa mwingine, alitumiwa ile picha na mtu, akapiga simu kuuliza fedha za viatu alizotuma zimekwenda wapi.

Niliifuta siku ileile, na jioni nikaenda nyumbani kwao kuomba radhi mbele ya bibi yake, kisha nikamwomba radhi mtoto mwenyewe. Lakini picha iliyokwisha kusambaa hairudi. Mwaka jana nimeiona tena, imeandikiwa maelezo ya nchi nyingine kabisa.

Baada ya hapo ndipo nilipoketi kusoma. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa nafsi yake na maisha yake binafsi, na haisemi kwamba mtoto hahusiki. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unarudia jambo hilo kwa mtoto mahsusi, na tangu tarehe 1 Mei 2023 tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Tangu wengi wetu tulipogawiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022, karibu kila mwalimu amekuwa mpiga picha, ndiyo maana naona mjadala huu umechelewa.

Shuleni kwetu sasa tunatumia fomu ya ruhusa, ambayo mzazi huijaza katika kikao cha Januari. Hata mzazi akisaini, mimi humwonyesha mtoto picha yake kabla ya mtu mwingine yeyote kuiona. Akikataa, huifuta mbele ya macho yake. Jambo jingine ni la ufundi, lakini kwangu ni la heshima vilevile. Shati jeupe la sare katika jua la saa sita huidanganya kamera, nayo hupunguza mwanga hadi uso wa mtoto ukabaki kivuli kisichotambulika. Msogezeni chini ya mwarobaini au barazani, kisha gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo na si kwenye shati. Karibuni.

Mwalimu wa sekondari, Muheza

Kwangu tatizo lilikuwa video. Mwenzetu mmoja alirekodi mwanafunzi akichapwa viboko vilivyopita idadi, akaisambaza kwa nia ya kukomesha ukatili huo. Kanuni zinajulikana: viboko visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Kwa hiyo malalamiko yalikuwa ya haki kabisa. Lakini sura ya binti ilionekana wazi, na kwa majuma kadhaa hakuweza kupita sokoni bila kuitwa kwa jina la tukio lile. Aliadhibiwa mara mbili, na mara ya pili sisi tuliojiita watetezi wake ndio tulioshiriki. Bado sijui ningefanya nini mahali pa yule mwenzetu.

Mwalimu, kijiji cha wavuvi, Pangani

Nina jambo la upande wa pili, maana naogopa tusije tukafika mahali pa kuziweka kamera kabatini. Mwaka juzi daftari langu la mahudhurio lilionyesha wavulana wanne wa darasa la sita wanakosekana kila mara bamvua, yaani maji makuu ya bahari, linapoingia. Niliwakuta dikoni, wavuvi wanaposhushia samaki, wakibeba ndoo za samaki na kuparua magamba tangu usiku. Nilipiga picha za mikono tu: vidole vilivyochanika, chumvi imekauka kwenye mikato, na kucha ya kidole gumba cha mmoja wao imeng'oka nusu. Nyuma ya kila picha niliandika tarehe na saa, nikatia zote katika bahasha, nikampelekea ofisa ustawi wa jamii pamoja na nakala ya mahudhurio. Hakuna picha hata moja iliyoingia mtandaoni. Watatu wamerudi darasani. Wa nne amehamia kwa mjomba wake, na sijapata habari zake.

Njia hii sikuibuni. Kulikuwa na mwalimu Mmarekani, Lewis Hine, ambaye mwaka 1908 aliacha kufundisha huko New York akaenda kupiga picha watoto waliofanya kazi viwandani na migodini. Alikuwa akipima kimo cha mtoto kwa vifungo vya kizibao chake, kisha anaandika kwa siri umri na saa za kazi, ili pasiwe na wa kusema kwamba amedanganya. Picha zake zilisaidia kubadili sheria za nchi yake. Nadhani ualimu ndio uliomzoesha kuandika kumbukumbu.

Mwalimu mstaafu, Chumbageni

Wanangu, mimi nilikuwa na kamera ya filamu, mkanda wa picha 36 tu, kwa hiyo kila picha niliifikiria. Mama mmoja alifiwa na binti yake wa darasa la nne kwa malaria. Hakuwa na picha yake hata moja isipokuwa ile niliyompiga akimwagilia bustani ya shule. Nilimsafishia nakala tatu. Tafadhalini, msiache kuwapiga.

Mwanzisha mada

Shikamoo, mwalimu wetu, na ahsante sana. Maneno yako nimewasomea wenzangu ofisini. Ndugu wa Muheza, mimi ningeihifadhi ile video bila kuituma kwa rafiki yeyote, kisha ningepiga 116, simu ya bure ya kumsaidia mtoto, na kuikabidhi kwa ofisa ustawi wa jamii kama alivyofanya mwenzetu wa Pangani. Kama yupo aliyewahi kupita njia hiyo kwa kesi ya viboko, atueleze ilichukua muda gani. Wanaohitaji maneno ya fomu yetu ya ruhusa waseme. Nitayaandika hapa kesho jioni nikimaliza kusahihisha mazoezi ya darasa la nne.