Mjadala: Ushuru wa nyumba ujenge maghorofa, au kwanza mpangaji apewe sheria?

Mpangaji wa Pipeline (mfungua mada)

Jumapili iliyopita nimehama. Ni mara ya nne tangu 2019, na mara zote nne sijatoka Embakasi, hapa Nairobi, nazunguka tu kama kuku aliyefungwa mguu. Mkokoteni mmoja, kitanda, meko, ndoo mbili, katoni ya vitabu vya mtoto. Safari hii ploti, yaani jengo lote la vyumba vya kupanga, iliuzwa. Mwenye nyumba mpya akapandisha kodi ya bedsita, chumba kimoja chenye choo ndani, kutoka 6,000 hadi 7,500, na ujumbe ukaingia kwenye simu tarehe 24: anayeona ni nyingi aache funguo kwa keyateka, mtunzaji wa ploti, tarehe 30. Dipoziti yangu je? "Hiyo ulimpa yule wa kwanza, mfuate yeye." Yule wa kwanza hashiki simu.

Sasa tupige hesabu. Nalipwa 28,000, kwa hiyo ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, ule wa serikali kujenga nyumba za bei nafuu, unanikata 420 kila mwezi, na mwajiri anaongeza 420 zake. Sina shida sana na hizo 420. Lakini kuhama kumenila dipoziti 6,500, kodi ya mwezi wa kwanza 6,500, dipoziti ya maji 1,000 na mkokoteni 800. Jumla 14,800, zaidi ya nusu ya mshahara. Pesa hizo zilikuwa za chama chetu cha kuweka akiba, tulikuwa tumezitenga mke wangu anunue cherehani aanze kushona sare za shule hapa mtaani. Cherehani imeliwa na dipoziti. Ndiyo mara ya pili inaliwa.

Dai langu ni kwamba kuhamahama ndiko kunakotumaliza sisi wapangaji, na ushuru huu haujakugusa. Kwanza tupewe sheria ya notisi na ya kodi. Mahakama Kuu iliufuta Novemba 2023, Bunge likakimbia kutunga sheria mpya, na Machi 2024 makato yakarudi na nguvu. Kumbe wakitaka kutunga haraka wanaweza! Ile Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inamlinda mpangaji wa nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyesheni bedsita ya 2,500 yenye maji na choo ndani. Mswada wa kurekebisha mambo ya wenye nyumba na wapangaji uliletwa 2021. Mimi bado niko na ujumbe wangu wa tarehe 24.

Mwenye mawazo tofauti karibu. Matusi tafadhali yapelekeni kwingine.

Mwenye Ploti, Mwiki

Kijana wangu, pole. Huyo aliyekutoa hivyo hana adabu, na dipoziti zenu alipaswa kuzikata kwenye bei alipokuwa ananunua ploti.

Lakini usitupake sote tope moja. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina vyumba 12 nilivyojenga kwa mkopo wa sacco. Mwaka jana mpangaji alikaa miezi mitatu bila kulipa, kila nikienda naambiwa "mwalimu, Ijumaa". Ijumaa moja nikakuta amehama usiku. Ameng'oa balbu, ameng'oa soketi, ameniachia godoro la zamani na bili ya maji. KRA, watoza ushuru wa serikali, nao wanangoja asilimia 7.5 ya kodi yote inayoingia, iwe paa linavuja au halivuji. (Hadi mwisho wa 2023 ilikuwa 10, tushukuru kwa hilo.)

Mkiniwekea sheria ya kufunga kodi, nitauza. Atakayenunua atainua ghorofa nane za vyumba vya futi kumi kwa kumi, na madirisha yatatazamana na ukuta wa jirani. Si wewe unakaa Pipeline? Mchana wa saa saba mnawasha taa. Mimi nataka serikali ijenge, tena ijenge nyingi. Nyumba zikizidi watu, mimi ndiye nitakuja kukubembeleza wewe ukae.

Mama wa Soweto Mashariki, Kibera

Mwalimu, shikamoo. Nyumba zikiwa nyingi, nani anaingia, na anangoja miaka mingapi?

Mwaka 2009 tulitolewa Soweto Mashariki ili serikali itujengee nyumba mpya, tukapelekwa Lang'ata, tukaambiwa ni kwa muda mfupi. Familia moja chumba kimoja, jikoni na choo mnashiriki na wengine. Tunashukuru choo kilikuwa cha maji, ila jaribu kupika mkiwa kina mama watatu, wakwe wamekuja na meko ni moja. Nyumba zetu 822 zilikabidhiwa Julai 2016. Hesabuni wenyewe. Mtoto aliyeondoka akinyonya alirudi akiwa darasani.

Wengine walipopata funguo walipangisha zile nyumba, wakarudi kwenye vibanda vya mabati. Watu huwacheka sana. Mimi siwacheki. Mtu mwenye watoto wanne sekondari akiona vyumba vyake vinaweza kulipa karo, unataka afanye nini, akae atazame sinki?

Mimi nilibaki, na hapa ndipo sikubaliani na mfungua mada. Tangu 2016 sijabeba ndoo ya mtu nikihama. Kijana wangu amemaliza shule moja, hajabadilishwa hata mara moja, na wateja wangu wa chapati wanajua mlango wangu hata stima ikipotea. Sheria yako ya notisi ingenipa mimi haya? Ingeniongezea mwezi mmoja wa kutafuta chumba kingine.

Kibarua wa Lunga Lunga

Mnabishana vizuri, lakini nyote mnazungumza kama watu wa mwisho wa mwezi. Sisi hulipwa jioni. Asubuhi tunasimama kwenye geti la kiwanda, wanachagua, waliobaki wanarudi nyumbani kwa miguu. Kwa miguu! Ndiyo maana tunakaa Mukuru, mtaa wa mabati jirani na viwanda. Ukinipa nyumba nzuri Mlolongo, nauli itanila kabla sijafika kwenye hilo geti, na siku nisipochaguliwa nimelipa nauli ya kwenda kutazama geti.

Nyumba 1,080 za kwanza pale Mukuru zilifunguliwa Mei 2025, na haki isemwe, ziko karibu na kazi. Sheria inasema anayepata chini ya 20,000 ni wa nyumba za kijamii. Huyo ni mimi, mwezi mzuri. Mwenye mabati wangu hupokea 500 leo, 800 Jumamosi, tukimalizana tunasalimiana. Tena mwezi ule wa mafuriko ya 2024 aliniambia nimalize mwezi ujao. Swali langu ni dogo: serikali nayo itapokea 500 Jumanne?

Keyateka

Mimi ndiye hutumwa na mwenye nyumba nije na kufuli kumfungia asiyelipa. Mkinitukana mlangoni mjue nyumba yangu iko chini ya ngazi, silipi kodi, na nikikataa kufunga mlango wa mtu natoka mimi kwanza. Ni hayo tu.

Mpangaji wa Pipeline

Mama, umenishika. Nakubali nyumba yako imekupa kitu ambacho notisi haiwezi kunipa. Lakini nyinyi ni 822 na sisi tunaopanga mji huu ni mamilioni, tutahamahama hadi zamu ifike?

Kaka wa Lunga Lunga, sijui kama itapokea, na sijasikia yeyote akiulizwa hilo.

Mwalimu, sikuombi ufunge kodi. Naomba dipoziti isikae mfukoni mwako. Ishikwe na mtu wa tatu, ili ploti ikiuzwa pesa ibaki na jina langu. Naomba notisi ya miezi miwili, maana mwezi ndio mshahara mmoja, na mshahara mmoja hautoshi kulipa pa kutoka na pa kuingia. Kodi ipande mara moja kwa mwaka, Januari, nijue. Nawe upewe baraza litakalosikiliza kesi ya "mwalimu, Ijumaa" ndani ya wiki tatu, si miaka.

Mwenye Ploti, Mwiki

Dipoziti kwa mtu wa tatu, sawa, hata kesho. Ila awe nani? Ukisema kaunti, mimi na wewe hatutaiona tena.

Miezi miwili sikubali. Aliyeng'oa soketi zangu angepewa miezi miwili angeng'oa na milango. Mwezi mmoja, na baraza lako la wiki tatu nilione kwanza likifanya kazi.

Mpangaji wa Pipeline

Mwezi mmoja na nusu, mwalimu?

Mwenye Ploti, Mwiki

Wewe ungefaa kuuza mitumba Gikomba. Nitafikiria.