Watu wa Shela 🌴 (kikundi cha familia)

Faki: Asalaam aleikum wote. Leo nimewatoa watoto Chicago kwa treni ya South Shore, mwendo wa saa moja na nusu hivi, tukashuka Dune Park. Hii ndiyo Indiana Dunes, hifadhi ya vilima vya mchanga kando ya Ziwa Michigan. [Picha 3]

Shangazi Rukia: Waaleikum salaam. Huo ni mchanga au theluji?

Faki: Vyote 😂 Juu umeganda, ukikanyaga unavunjika kama kashata.

Swaleh: Januari nani huenda ufuoni jamani

Faki: Raha yake ndiyo hiyo. Kiangazi hata pa kuegesha gari hupati. Leo tumekutana na mzee mmoja na mbwa wake, basi.

Shangazi Rukia: Huyo wa kofia nyekundu mrudishe nyuma! Maji hayo!

Faki: Hapo bado mchanga, shangazi. Ya kuogopwa ni ile barafu nyeupe. Mawimbi huirundika mpaka ukadhani nchi kavu, kumbe chini ina mapango. Ukitumbukia, kutoka ni kazi. Nimewaambia mwisho wao ni lile gogo.

Swaleh: Na kile kilima kinachotembea?

Faki: Mount Baldy, kama mita 38. Kiko mbele zaidi, hatukufika. Upepo wa ziwa unakisukuma, kimefukia miti mizima. 2013 mtoto wa miaka 6 alizama kwenye shimo pale, wakamfukua baada ya saa tatu na zaidi.

Shangazi Rukia: Subhanallah!! Hai?

Faki: Hai.

Swaleh: Hakizuiliki?

Faki: Angalia majani picha ya pili. Mizizi yake ndiyo inayoshika mchanga, na yakikanyagwa yanakufa. Kwa hiyo watu wapite kwenye njia tu.

Shangazi Rukia: Wenzenu wawahurumia majani. Huku watu wataka kujenga juu ya mchanga wa Shela, na maji ya kunywa Lamu yatoka hapo hapo chini. Visima vikiingia chumvi?

Faki: Hata hawa walichelewa. Mji wa jirani hapa, Michigan City, palikuwa na kilima kikubwa kuliko Baldy, Hoosier Slide. Mchanga ulizolewa kwa mabehewa kwenda kutengenezwa vioo, kikaisha chote. Sasa pana kituo cha umeme.

Shangazi Rukia: 😳 Iweke hiyo kwa sauti, niwasikilizishe watu barazani.

Faki: Nikifika nyumbani. Kofia nyekundu analia. Alijaza mchanga mfukoni akuletee, nimemwambia aumwage, ni hifadhi.

Shangazi Rukia: Mwambie bibi anao wake. Na buti mkung'ute kabla ya kupanda treni.