Sanamu za Mkunazini mbele ya kamera

Kijana wa Malindi: Assalamu alaykum. Ninaandaa filamu fupi kuhusu Mji Mkongwe wa Zanzibar. Je, sanamu za watumwa za mtaa wa Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa, zaweza kubeba hadithi bila ya msimulizi?

Mzee wa Ng'ambo: Waalaykumu salaam, mwanangu. Zaweza, kwa sababu sanamu zile tano, kazi ya mchongaji Clara Sörnäs ya mwaka 1998, zimesimama ndani ya shimo zikiwa na minyororo shingoni, na ukiishusha kamera hadi usawa wa nyuso zao, mtazamaji huacha kuwachungulia watumwa hao kama mgeni, akaanza kuwaona walio juu ya shimo kama watumwa wanavyowaona.

Bi wa Shangani: Nakubaliana nawe, mzee wangu. Ila kijana asipige picha adhuhuri, kwani jua la utosi hufuta vivuli vya nyuso. Na muziki, tafadhali, asiuweke. Vishindo vya nyayo vinatosha.