Tupeane uzoefu: fisi maji wa Ziwa Victoria, mwili wake na tabia zake ulizoziona mwenyewe

Ndugu zangu mliokulia kando ya ziwa, naomba tukusanye hapa tuliyoyaona kwa macho yetu kuhusu fisi maji, kwa sababu wengi wetu huku Mwanza humtaja siku tunapokuta wavu umetoboka, tena kwa hasira, bila kuwahi kumtazama vizuri.

Naanza na langu. Marehemu babu yangu alikuwa akitega nyavu za sato karibu na mawe, upande wa Igombe. Alfajiri moja tulivuta wavu tukamkuta fisi maji amenasa, naye amekwisha kufa, maana mnyama huyu hupumua hewa kama sisi na akizuiliwa chini ya maji kwa dakika chache hana maisha. Babu alimlaza kwenye mtumbwi, nami nikamshika. Nilipopekua manyoya ya juu nilikuta chini yake mengine mafupi na laini, yaliyosongamana hata ngozi sikuiona; hayo ndiyo yanayoshika hewa na kumkinga na baridi, kwa kuwa hana tabaka nene la mafuta kama nyangumi. Vidole vya miguu yote minne vilikuwa na kucha, vimeunganishwa kwa utando kama wa bata. Kooni alikuwa na madoa meupe yasiyo na mpangilio, na baadaye nilijifunza kwamba madoa hayo hutofautiana kati ya mnyama na mnyama, kiasi kwamba watafiti huyatumia kuwatambua mmoja mmoja.

Mchangiaji wa Ukerewe:
Ndugu, uliyemshika ni yule mdogo, ambaye kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 4 hadi 6. Yuko mwingine mkubwa zaidi, mwenye koo jeupe lisilo na madoa na vidole vya mbele visivyo na kucha. Huyo nilimwona kwenye kijito, kichwa kikiwa juu, macho yakitazama kwingine kabisa, huku mikono ikipapasa chini ya mawe kama mama anayetafuta sindano gizani, mpaka akaibuka na kaa.

Mchangiaji wa Geita:
Mimi nilikuwa nikiendesha boti kwenda Rubondo, kisiwa ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na huko huyu wa madoa huonekana mchana kweupe. Husikia kwanza mluzi mwembamba, kisha vichwa vitatu au vinne vikaibuka. Samaki mdogo humla papo hapo majini, lakini mkubwa humburuta hadi ukingoni. Huwinda kwa macho, kwa hiyo hupenda maji maangavu, na pale yalipochafuka nimeona wakitoweka. Ukitaka kujua wanachokula, tazama kinyesi chao juu ya mawe: ni magamba na miiba ya samaki wadogo, hasa furu.

Mchangiaji wa Musoma:
Mwenye mada, je, babu alifanyaje baada ya hapo?

Mwanzisha mada:
Alimzika mchangani, akakaa kimya muda mrefu, kwa kuwa alikuwa jike mwenye maziwa. Siku tatu tulisikia mluzi kutoka kwenye mawe yale. Siku ya nne haukusikika tena, na msimu uliofuata babu alitega nyavu zake mbali na pale.